Pua Yangu na Debe la Bi. Mize

Nimestaafu mwezi uliopita, na tangu siku ile sijanusa debe hata moja. Mkwe wangu akipika wali huniuliza kama samli imefaa, namwambia amuulize mwenye duka. Lakini nyinyi mlioachiwa meza yangu pale ghalani Mchangani mmeniletea ujumbe wa simu mara tatu, mnataka niwaandikie mbinu za kazi. Nimeona bora niandike mara moja kuliko kila mmoja wenu kunipigia wakati nimejinyoosha mchana. Habari za vyeo nitaziruka. Ghala letu lilikuwa na vyeo viwili tu, mpima samli na tajiri mwenye ghala, na cha pili kilikuwa kina mwenyewe.

Siku ya kwanza nilifika nimevaa kanga mpya, nimejifukiza udi, na asumini kichwani, kwa sababu mama yangu alisema kazi hupokewa kwa uzuri. Mpima wa wakati ule alikuwa Bwana Faki, mtu wa Tumbatu, mfupi, mwenye pua iliyofika kila mahali kabla yake. Alinitazama tangu mlangoni.

"Kwenu kuna harusi?"

"Hapana, Bwana Faki. Nimekuja kazini."

"Basi rudi ukaoge. Kesho uje unanuka mtu."

Nilirudi nyumbani huku nalia, na mama akanicheka hadi akakaa chini. Kesho yake nikaja ninanuka mtu. Bwana Faki akanipa kijiko.

Vifaa vyetu vilienea kwenye kikapu kimoja. Palikuwa na mwanzi mwembamba wa kuchomeka debe mpaka chini, kwa sababu wapo waungwana wanaoweka samli nzuri juu na vituko chini. Palikuwa na kijiko, vitambaa, jiko dogo la mafuta ya taa na kichupa cha iodini cha kuwakamatia wanaoponda viazi wakavitia ndani ya samli. Tone moja, samli ikigeuka buluu, mwenye debe huanza kukumbuka kwamba ana safari. Vilivyobaki ni vya kuzaliwa navyo: kiganja, pua na ulimi. Unatia samli kidogo kiganjani, unaisugua mpaka ipate joto la mwili, unanusa, kisha unaonja. Samli njema ina chenga, haina utelezi wa mafuta ya kopo, na harufu yake inapanda polepole. Iliyoungua inakurukia puani papo hapo. Nyinyi sasa mna kile kimashine chenye taa, nacho nakiheshimu, ila nimekiona kikipima mkono wa mtu na kikatoa jibu.

Kuna jambo wageni wa kazi hawalielewi. Mpima hapangi bei. Mpima husema neno moja tu, namba moja au namba mbili au hapana, na bei inajipanga yenyewe nyuma ya neno hilo. Namba moja inakwenda kwa wapika halua na kwa watu wanaooza watoto wao. Namba mbili inakwenda kwenye mikate. Ile ya hapana inarudi na mwenyewe, naye atakwambia kwamba hata hivyo hakuwa akiuza, alikuwa akipita tu. Ndiyo maana neno hilo Bwana Faki alilitoa taratibu, kama mtu anayetoa jino.

Bei yenyewe niliijua kwa misimu yake. Samli nyingi ya Unguja inatoka bara, inavuka kwa meli. Kiangazi kikikaza huko, ng'ombe wanakauka na bei inapanda huku kwetu, ambako hakuna aliyemwona ng'ombe huyo wala kiangazi chake. Ikikaribia Ramadhani inapanda tena, safari hii bila ya ng'ombe kuwa na kosa lolote. Siagi ina njia yake. Hoteli za Mbweni na za pwani zinataka ile isiyo na chumvi, inayokuja na barafu yake kutoka ng'ambo, na wageni wakijaa bei haishikiki. Masika yakiingia hoteli zinafunga, makatoni yanabaki mikononi mwa matajiri, na hapo ndipo mtu wa Kikwajuni anakula mkate wa boflo kwa siagi ya kizungu na kulalamika kwamba haina chumvi. Mwenyeji halisi akisema siagi anakusudia ile ya kopo inayotokana na mafuta ya mimea. Nimewahi kumpa mama mmoja siagi ya maziwa kwa bei ya kutupa, akainusa akanirudishia, akasema imeharibika, inanuka ng'ombe.

Mwaka mmoja umeme ulikatika siku nyingi na siagi yote ya tajiri ikalainika. Tajiri alishika kichwa. Bwana Faki akavua kofia, akawasha majiko matatu, tukaichemsha siagi yote mchana kutwa mpaka maji yakakauka na mashapo yakakaa chini, tukachuja, ikawa samli ya kuonewa fahari. Andikeni hilo ukutani: siagi iliyokataliwa na hoteli ina maisha ya pili ndani ya sufuria. Tajiri aliwaambia watu kwamba shauri lile lilikuwa lake.

Bwana Faki alikuwa na sharti moja asilolivunja, nalo ni la Ramadhani. Mwezi huo samli inauzwa kuliko miezi yote, na ndio mwezi ambao mpima hana ulimi. Wapo wanaosema kuonja na kutema hakumfunguzi mtu, lakini fatwa hiyo Bwana Faki hakuitaka ghalani kwake. Tulipima kwa kiganja na pua, na debe lolote lenye shaka liliwekwa kando mpaka magharibi, watu wafuturu, kisha lionjwe. "Pua inashuku, ulimi unahukumu," alikuwa akisema, na wenye madebe walisubiri wakinung'unika. Alipochoka akaniachia kikapu, akenda zake kukaa Amani kwa binti yake, na mimi nikawa mpima. Miaka ikapita, pua yangu ikapata jina mjini, na jina hilo nililipenda kupita kiasi. Nasema kweli yangu.

Sasa nifike kwenye kisa mnachokitaka, maana najua mnakitaka. Baadhi yenu mlikuwapo, na mlicheka.

Bi. Mize ni mjane wa Mangapwani, kanizidi umri kidogo, mwembamba, na maneno yake yanapimwa kwa kijiko. Ana ng'ombe wanne. Mwaka mzima alituletea vibati vidogo, lakini iliyo bora aliiweka, kidogo kidogo, mpaka likajaa debe moja la Ramadhani. Debe hilo lilikuwa na mnunuzi kabla halijafika: Bwana Seif, mpika halua wa Darajani, ambaye kwa miaka yote halua yake ya Sikukuu aliipika kwa samli hiyo na akaiuza kwa bei ya juu kwa sababu hiyo hiyo. Debe lile ndilo lililowalisha Bi. Mize na wajukuu wake sehemu kubwa ya mwaka.

Ramadhani ile, miaka michache kabla sijastaafu, mkwe wangu alikuwa amejifungua, kwa hiyo jikoni nilibaki peke yangu. Asubuhi moja kabla ya kazi nilikaa juu ya mbuzi nikakuna nazi mbili za futari, nikazitia kwenye friji, nikasuuza mikono haraka haraka nikakimbilia ghalani. Siku hiyo watu walijaa mpaka barazani. Sikukuu ilikuwa inakaribia, bei inapanda, na tajiri alikuwa akizunguka nyuma yangu akisema "Haya, haya, haya." Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Bi. Mize.

Nikachomeka mwanzi. Chenga nzuri, rangi nzuri. Nikasugua kiganjani, nikanusa. Nikanusa tena. Chini ya harufu ya samli palikuwa na nazi, wazi kabisa.

Sharti nililijua. Ningesema, "Bi. Mize, hili likae mpaka magharibi." Lakini watu walikuwa wananitazama, na mimi nilipenda kutazamwa. Nikasema kwa sauti, wa barazani wasikie:

"Hapana. Ina mafuta ya nazi."

Bi. Mize aliniangalia usoni.

"Rukia," akasema, "mie nazi n'nazipika mchuzi. Sizitii kwenye samli."

"Pua imesema, Bi. Mize."

Akafunika debe lake, akaomba msaada wa kulibeba, akatoka. Mimi nikanawa kwa sabuni na maji ya moto, kama tunavyofanya siku zote baada ya debe bovu, nikaendelea na wengine. Waliobaki wote walikuwa safi. Nikajiona bingwa.

Kufika alasiri habari zilikuwa zimeshapita Darajani, zimezunguka Mkunazini na kurudi. Bwana Seif alituma watu wamnunulie samli ya bara. Kwenye duka la mboga nilimsikia mtu akimwita Bi. Mize "Bi. Nazi", na watu wakacheka. Sikucheka, lakini sikuwanyamazisha pia.

Siku tatu baadaye nikaanza kazi na debe la Singida. Nikasugua, nikanusa. Nazi! Nikatabasamu kwanza, nikasema leo tena nimewakamata. Kisha akili ikanirudia. Singida haina mnazi hata wa dawa. Nikasimama pale na kiganja puani. Halafu nikainua mkono wangu wa kushoto, ambao ulikuwa haujagusa debe lolote siku hiyo, nikaunusa.

Nazi ilikuwa mikononi mwangu, imejificha kwenye mistari ya viganja na chini ya kucha, tokea alfajiri ya mbuzi; siku mbili za katikati futari ililetwa na jirani, sikukuna. Sijawahi kuona haya kama siku ile, na palikuwa hapana mtu aliyejua ila mimi.

Nikaenda kumwambia tajiri. Alifunga mlango wa ofisi kwanza.

"Umemwambia nani?"

"Bado."

"Basi usiseme. Mpima akikiri kosa moja, watu watauliza amekosea mangapi. Mwakani tutamchukulia debe lake kimya kimya, namba moja, yaishe."

Maneno yake yalikuwa na mantiki, na hilo ndilo lililoniudhi. Nilipotoka nikenda Amani kwa Bwana Faki. Nilimkuta akigombana na redio. Nikamsimulia yote, nikitaraji atanitukana, na kweli alinitukana kidogo, kwa ile kazi ya kunawa bila ya sabuni. Kisha akazima redio.

"Mie nilikosea mara mbili," akasema.

"Wewe?"

"Mara mbili. Nikanyamaza zote mbili. Wa kwanza keshakufa. Wa pili nikimwona msikitini nnabadilisha safu." Akawasha tena redio. "Nenda zako, Rukia. Magharibi inakaribia."

Kesho yake, Jumatano, nikapanda gari la Mangapwani. Bi. Mize alikuwa bandani, anamkatia majani ng'ombe mwekundu.

"Shikamoo, Bi. Mize."

"Marahaba. Umekuja kunusa nini tena?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote bila ya kupunguza: mkwe wangu, mbuzi, nazi mbili, sabuni. Aliendelea kukata majani. Nilipomaliza nikamwambia samli yake haina ila, na nimekuja kumwomba radhi.

"Huyu unamwona?" Akampiga ng'ombe mgongoni polepole. "Mchinjaji keshaja kumtazama. Ijumaa anamchukua. Maziwa yake yana kazi gani kama samli yangu hainunuliwi? Kibati cha wiki hii nimekizungusha mpaka Bumbwini. Mtu ananusa, ananicheka, ananirudishia."

"Ndiyo maana nimekuja, nikuombe radhi."

"Unaniomba radhi hapa mbele ya ng'ombe. Ng'ombe hakunishuku hata siku moja." Akaweka panga chini. "Ulisema mbele ya watu. Kaseme mbele ya watu."

Niliogopa, na siwafichi. Njia nzima ya kurudi nilikuwa natafuta namna ya kusema bila ya kusema, kwamba pengine kulikuwa na hitilafu, kwamba hali ya hewa, kwamba kiangazi. Nyinyi mnayajua maneno ya aina hiyo, mnayaandika kwenye ripoti.

Alhamisi alasiri Bi. Mize akaja na debe lile lile, akaliweka mbele ya meza. Nilikuwa nimeshamtumia salamu Bwana Seif, naye alikuja na uso wa mtu aliyedhulumiwa na dunia nzima. Ghala limejaa. Tajiri alikuwa mlangoni akinikonyeza niwache. Nikapanda juu ya sanduku, maana kimo changu mnakijua.

"Jamani! Siku ile nilisema samli ya Bi. Mize ina nazi. Uongo. Nazi ilikuwa mikononi mwangu mimi, nimetoka kukuna futari, sikunawa sawasawa. Na sharti la kungoja magharibi nililivunja kwa kujiona. Samli haina kosa. Mwenye kosa ni mimi."

Mtu mmoja nyuma akauliza, "Na samli yangu ya juzi uliyoikataa, ulikuwa umepika nini?" Ghala likaripuka. Mwengine akataka ninyooshe mikono ikaguliwe. Nikainyoosha, wakapita mmoja mmoja kuinusa, wazee wazima, na mimi nimesimama juu ya sanduku kama mtoto anayekaguliwa kucha shuleni. Yule aliyelalamika nilimwambia debe lake liletwe tena, nalo lilionjwa jioni ile ile, baada ya kufuturu. Lilikuwa bovu kweli, na hilo lilinisaidia kidogo.

Bwana Seif peke yake hakucheka.

"Maneno nimeyasikia," akasema. "Lakini halua yangu haipikwi kwa maneno. Nataka nionje."

"Umefunga," nikamwambia.

"Nimefunga. N'tangoja."

Basi tukangoja wote. Hakuna aliyekwenda kwao. Tajiri, alipoona watu hawatoki, akaona aibu akaagiza tende na kahawa na boflo. Bi. Mize alikaa juu ya kifuniko cha debe lake. Adhana ya magharibi ikaadhiniwa, watu wakafungua kwa tende na maji, wakasali. Kisha Bwana Seif akavunja kipande cha boflo, akakichovya, akakitia kinywani, akafumba macho. Sijui alikaa vile muda gani. Mimi niliona mwaka.

"Namba moja," akasema. Akafungua macho. "Na nimeikosa siku tano nzima kwa ajili ya futari ya mtu!"

Akatia mkono mfukoni. Bi. Mize hakunyanyuka.

"Bei ile ilikuwa ya siku ile," akasema. "Leo imepanda."

"Imepanda kwa nini? Samli si ile ile?"

"Samli ile ile. Mie siye yule."

Bwana Seif alibisha, akaapa, akajifanya anaondoka, akarudi, akalipa. Tajiri alinitazama kama kwamba mimi ndiye niliyempandishia mwenzake bei, na kwa kweli ndiye mimi. Ijumaa mchinjaji alikwenda Mangapwani akarudi mikono mitupu.

Tajiri alikuwa na haki katika jambo moja. Kwa miezi mingi niliitwa Bi. Tui. Wenye madebe walitaka ninawe mbele yao kabla sijagusa kitu, na wapo waliohamia ghala la pili, mwanzo wa mtaa wetu, kwa mpima ambaye hakuna aliyepata kusikia kwamba amekosea. Nilikuwa nalala nikijiambia nimefanya haki, na ninaamka nimenuna. Watu wanaosema ukweli unampa mtu raha labda hawafanyi kazi ya kunusa.

Na Bi. Mize nilijua hatarudi. Kwa nini arudi? Mpima yule mwengine alikuwa karibu zaidi na kituo cha magari, na mlango wake ulikuwa na kivuli. Ningekuwa mimi ningekwenda kwake.

Mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, ulipokwisha, asubuhi moja, nikamwona anakuja kutoka upande wa kituo, kibati mkononi, anatembea polepole. Alifika mlango wa ghala la pili. Yule mpima akatoka, akamkaribisha, akamwekea na kiti. Bi. Mize akamwitikia salamu, akapita. Akaja moja kwa moja mpaka kwangu, akaweka kibati juu ya meza.

Sikuweza kujizuia. Nikamuuliza, "Bi. Mize, kwa nini mie? Yule hajakosea hata mara moja."

Akanisogezea kibati.

"Yule sijui atafanya nini siku atakapokosea," akasema. "Wewe nshajua."